Kamera Inayolifaa Ghala la Maharage

Jumanne, saa nane na robo mchana, fundi wa kamera aitwaye Edith alishuka kwenye bodaboda mbele ya ghala la maharage la Gosbert Rwezaura, katika kata ya Mabira, akiwa na maboksi matatu yaliyofungwa pamoja kwa kamba ya mpira. Aliwasalimu wanawake watano waliokuwa wakichambua maharage juu ya turubai uani, akanawa vumbi la safari, kisha akaingia ofisini na kuyapanga maboksi mezani kuanzia dogo hadi kubwa.

Gosbert alikuwa akimsubiri pamoja na mdogo wake Dastan, aliyekuwa msimamizi wa ghala na pia kamanda wa sungusungu wa kitongoji.

"Sitaki maneno mengi, binti," alisema Gosbert. "Mwezi wa tano magunia manne yalitoka humu. Nataka kamera ya kumwona mwizi."

"Nilisikia mwizi mlishamwua, tajiri," alisema Edith, huku akitafuta soketi.

"Tulimwua. Magunia hatukuyaona."

Aliyeuawa aliitwa Niyitegeka. Alikuwa kibarua aliyevuka Mto Kagera akiwa kijana, akaoa Mabira na kupanda migomba yake mwenyewe. Mkewe Eustadia, ambaye watu humwita Mama Joyness, alikuwa mmoja wa wale wanawake watano wa uani. Alirudi kazini siku ya pili baada ya mauaji, kwa kuwa hapakuwa na matanga ya kumweka nyumbani. Mwizi aliyeuawa na umma hakaliwi matanga. Niyitegeka alifukiwa pembezoni mwa shamba bila wimbo, na hakuna jirani aliyeleta hata kichane cha ndizi. Tangu siku hiyo Eustadia alikuwa na ombi moja, na alikuwa amelifikisha kwa mwenyekiti wa kitongoji mara tatu: mumewe aondolewe jina la mwizi, watu waje wakae matanga.

Edith alifunga kamera ya kwanza kwenye nguzo ya baraza, ikautazama ua wote. Skrini ilipowaka ilionyesha turubai, wanawake watano na kuku mmoja. Ilipotimia saa tisa kamili, saa ambayo Niyitegeka alianza kupigwa, Niyitegeka aliingia kwenye picha. Uani hakuwapo. Kwenye skrini alikuwa amepiga magoti karibu na mlango wa ghala, na watu walikuwa wakiwasili mbio kutoka pande zote wakiwa na fimbo, mipini ya majembe na mawe.

"Huyu ni nani?" aliuliza Edith.

"Ndiye yule mwizi," alijibu Dastan. "Hapo ndipo tunapoanza."

Edith alisogeza uso karibu na kioo. "Picha ina chenga. Hii ni kamera ya bei ya chini, inaona mbali lakini haitofautishi sura. Tazameni, hata fimbo zinaonekana kama nyasi."

Kumwua Niyitegeka kulikuwa kumechukua dakika arobaini, muda uliotosha kuzijaribu kamera zote tatu bila kuharakisha.

Ya pili ilikuwa na lenzi nyembamba. Ilionyesha kwa usafi mkubwa kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Edith alipoielekeza kwenye mizani iliyokuwa barazani, tarakimu zilisomeka zote. Alipoielekeza uani, ulionekana mguu wa Niyitegeka na jiwe likiushukia. Jiwe lilishuka mara nne. Damu kidogo ilichuruzika kutoka ukingo wa chini wa skrini, na Edith akaipangusa kwa kitambaa cha kufutia lenzi.

"Na hiyo kubwa?" aliuliza Gosbert.

Kamera ya tatu iliona ua wote kwa rangi kamili, na ndani yake ilikuwa na kinasa sauti. Wanawake waliacha maharage wakasogea dirishani, kwa sababu sasa sura zilitambulika.

"Lile shati la kijani si la mume wangu?" alisema mmoja wao. "Na aliniapia kwamba siku ile alikuwa Kiruruma."

"Kwa teke lile, shoga, Kiruruma kumekuja Mabira," alijibu mwenzake, na wote wakacheka isipokuwa Eustadia.

Edith alipunguza sauti, kwa kuwa mlio wa mfupa wa paja ulikuwa ukikwaruza spika. Sauti ilipotulia, maneno ya Niyitegeka yalisikika. Alikuwa akisema kwa Kiswahili, kwani alipojaribu Kinyambo cha wenyeji alichekwa. Alisema, "Nimeitika! Nimeitika!" Baadaye mpini wa jembe ulimpiga mdomoni, na tangu hapo alisema "Nimei" tu, tena na tena, pamoja na meno yaliyokuwa yakitoka.

"Kumbe alisema ameitika," alisema mwanamke mwenye mume wa shati la kijani. "Siku ile sisi tulisikia ameiba."

Yahitaji kufafanuliwa kwamba Mabira kuna desturi ya enduru, yaani yowe la kuomba msaada. Aisikiaye huacha alichokishika na kukimbilia inakotoka. Afikaye hupiga walau pigo moja, ili kesho asipatikane wa kusema kwamba yeye alitazama tu. Asiyefika huulizwa alikuwa wapi, na jibu lake haliaminiwi.

"Mashine ya hii inatunza picha za siku tisini," alieleza Edith. "Ngoja niwaonyeshe inavyorudi nyuma."

Aliirudisha nyuma. Fimbo ziliinuka kutoka mwilini mwa Niyitegeka, meno yakarejea kinywani, watu wakaondoka kinyumenyume hadi ua ukabaki mtupu. Kisha akaiacha iende mbele. Dastan alionekana akifungua mlango wa ghala kwa ufunguo, akapakia magunia manne kwenye pikipiki ya matela, mtu mwingine akaiendesha na kuondoka nayo. Dastan akalifunga tena kufuli, akalivunja kwa nondo, akatembea hadi njia panda na kupiga enduru. Wa kwanza kufika alikuwa Niyitegeka, akihema, fimbo mkononi, akalisogelea kufuli lililovunjika na kulitazama. Mgeni alikuwa ameishika desturi kuliko wenyeji. Waliomfuatia walimkuta hapo peke yake.

Gosbert alimgeukia mdogo wake. "Uliyapeleka wapi?"

"Murongo, mpakani."

"Ungeniambia."

"Ungekataa, kaka."

"Ningekataa, ndiyo," alisema Gosbert, akaomba apewe kiti.

Eustadia alisema kupitia dirishani, "Mwenyekiti aitwe aone."

Mwenyekiti, Mzee Rwegasira, alifika baada ya dakika kumi, akaitikia shikamoo za watu wote mmoja mmoja, akawekewa picha tangu mwanzo. Aliitazama bila kukatisha. Karibu na mwisho, Niyitegeka akiwa hasogei tena, Mzee Rwegasira mwenyewe aliingia kwenye skrini akitembea polepole, akampiga fimbo moja ya mgongo, akasimama kando.

"Nilichelewa," alisema. "Nilikuwa na wageni."

"Umeona, mzee," alisema Eustadia. "Hakuiba. Aliitika."

"Nimeona, Mama Joyness. Picha ni nzuri mno. Lakini muhtasari wa kikao cha kitongoji umeandika kwamba alikiri kwa kinywa chake, nao umepigwa muhuri. Umeandika pia kwamba aliuawa na wananchi wenye hasira kali. Nikifuta neno la kwanza, hilo la pili nalo litafutika. Watu arobaini na mmoja ambao leo ni wananchi wenye hasira kali watakuwa wauaji. Kitongoji hiki kina kaya hamsini."

"Sikuomba mtu afungwe. Naomba matanga tu."

"Matanga ndiyo kesi yenyewe, mwanangu. Tukiyakaa, tumekubali."

Eustadia alimtazama Dastan. Dastan alikuwa akisoma maandishi ya boksi.

"Hii kubwa inahitaji diski kubwa," alisema Dastan. "Na umeme mwingi."

"Hii kubwa inaona mno," alisema Gosbert. "Nayo ya kwanza watu watasema nimebania hela. Nifungie ya katikati, binti, iitazame mizani. Wanaotuletea maharage hulalamika kwamba tunawapunja. Skrini iwekwe barazani, kila mtu ajionee uzito wake."

"Chaguo zuri kwa biashara," alisema Edith. Aliifunga kwa skrubu nne, akarudisha nyingine mbili kwenye maboksi, akamwachia Gosbert karatasi ya dhamana ya mwaka mmoja. Eustadia alimfuata hadi barabarani, akamwomba amwachie ile kubwa, au hata kipande cha picha yake. Edith alimjibu kwa upole kwamba picha ni mali ya mwenye ghala na kwamba hata hivyo ameshaifuta, kama utaratibu unavyotaka kwa kifaa kisichonunuliwa.

Kuanzia Jumatano, kila siku saa tisa alasiri, mkono wa kulia wa Niyitegeka uliingia kwenye picha kutoka upande wa chini, karibu na mguu wa mizani. Sehemu nyingine ya mwili wake ilikuwa nje ya picha. Kisigino cha gumbuti kilikanyaga mkono ule hadi vidole vikavunjika kimoja kimoja, ukatetemeka, kisha ukatulia saa tisa na dakika arobaini. Wateja walisubiri zamu zao. Baadhi yao walikitambua kisigino, wakasema kwamba gumbuti zile bado ni imara.

Eustadia aliacha maharage, akatandika mkeka barazani mbele ya skrini, akajifunga kanga kiunoni, akanyoosha miguu na kukaa matanga. Hakulia kwa sauti. Alifanya vivyo hivyo Alhamisi na Ijumaa. Hakuna aliyekaa naye, wala hakuna aliyemkataza.

Jumamosi ilikuwa siku ya gulio na watu walikuwa wengi. Saa tisa na dakika tano Gosbert alitoa kichwa dirishani.

"Mama Joyness, pole. Sogea kushoto kidogo, watu hawaoni uzito."

Eustadia aliuvuta mkeka akasogea kushoto. Kutoka hapo kioo kilimeremeta kwa jua na hakikuonyesha kitu. Aliketi pale kwa dakika thelathini na tano zilizobaki, na watu wote wakaona uzito wao sawasawa.