Honi ya Wendell Tice

Mimi, Verna Stolle, nimekuwa wakili katika kaunti yetu hapa Illinois kwa miaka ishirini na mitatu, na sijawahi kumwogopa mwanasheria kwa sababu ya suti yake. Bwana Prescott Lang alitoka Chicago na suti tatu kuitetea kampuni ya reli. Siku ya kwanza alinipa mkono kwa ncha za vidole, akaniambia, "Mama, hii kesi ndogo, usijichoshe." Nikamjibu kwamba mimi huchoka nikikaa bure.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Januari ya mwaka 1978, Merle Uphoff, mkulima wa mahindi na soya, aligongwa na treni akiwa ndani ya pikapu yake kwenye kivuko cha reli, barabara ya kwenda ghala la nafaka. Pale hakuna geti wala taa, kuna ubao wa onyo tu. Dereva wa treni na msaidizi wake walisema walipiga honi, na kwamba Merle hakusimama, alitaka kuiwahi treni. Kampuni ikaandika hivyo kwenye barua, gazeti likaichapa, na mpaka kanisani watu wakawa wanasema marehemu alijiua kwa haraka zake.

Mjane wake, Darlene, aliiweka barua ile mezani kwangu. Alikuwa ameikunja na kuikunjua mpaka inachanika.

"Merle hakuwa na haraka hata siku ya harusi yetu," alisema. "Nataka mtu mwenye mamlaka aseme kwamba alisimama. Basi. Roger mwanangu amesikia kila mtu akimwita baba yake mjinga, na sasa naye ameanza kulisema hilo neno nyumbani kwangu."

"Unajuaje kwamba alisimama?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa anajuaje maji yana unyevu. Merle alikuwa na kawaida yake, na kaunti nzima ilikuwa inaijua. Akifika pale kivukoni husimama, huzima injini, huteremsha kioo, huvua ile kofia yake ya baridi inayofunika masikio, halafu husikiliza. Iwe jua, iwe theluji. Baadaye ndipo huwasha gari na kuvuka. Hata sherifu aliandika kwenye ripoti yake kwamba kioo cha dereva kilikutwa kimeteremshwa, na siku ile baridi ilikuwa ya kupasua mawe.

Nikaona njia. Kama Merle alizima injini akasikiliza, na bado akavuka, basi hapakuwa na honi ya kusikia. Lakini nikaona na ukuta uliosimama mbele ya hiyo njia. Sheria ya ushahidi ya jimbo letu wakati ule ilikuwa inasema kwamba kama kuna watu walioiona ajali kwa macho yao, huruhusiwi kuleta mazoea ya marehemu ili kuthibitisha alifanya nini. Na walioona ni akina nani? Ni wale wawili wa kwenye treni. Yaani walionufaika na uongo ndio hao hao waliokuwa wanatuziba midomo. Nilikasirika mpaka nikavunja penseli. Hata hivyo nilifungua kesi kwenye mahakama ya kaunti, maana mjane hakunilipa nikasirike tu.

Wiki tatu baadaye Lang akanipigia simu. Kampuni ilikuwa ya jimbo jingine, kwa hiyo ilikuwa na haki ya kuihamisha kesi kwenye mahakama ya shirikisho, kule Springfield, nayo ilikuwa imeihamisha. "Huko jopo la raia watakaoamua kesi litakuwa la watu wasiomjua marehemu," alisema kwa sauti ya mtu anayempa mwenzake pole. Nikamshukuru kwa adabu, nikaweka simu chini, nikafunga mlango wa ofisi, nikacheka mpaka karani wangu akagonga kuuliza kama mimi ni mzima.

Mahakama za shirikisho zilikuwa na kanuni zao mpya za ushahidi, hazijatimiza hata miaka minne. Na kanuni ya mazoea kule inasema wazi: mazoea ya mtu yanakubalika, awepo shahidi wa macho au asiwepo. Lang alikuwa anawakimbia majirani wa Merle, hakujiuliza anakimbilia wapi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Ila kanuni ile ile ina meno upande wa pili. Mazoea yanaingia, sifa haziingii. Ukisema "alikuwa mtu mwangalifu," umekwisha. Nilimweleza Darlene mara tano kabla ya kwenda Springfield. Akapanda kizimbani, nikamuuliza swali la kwanza, naye akasema, "Mume wangu alikuwa mtu mwangalifu sana."

"Napinga," Lang akasema bila hata kusimama vizuri. Jaji akakubali, akaliagiza jopo lilisahau neno lile. Darlene akageuka kunitazama. Nilimwonea huruma, na nikaogopa pia, sitaficha.

"Bi Darlene," nikamwambia taratibu, "achana na yeye alikuwa mtu gani. Mkifika kivukoni, mikono yake ilikuwa inafanya nini?"

Akavuta pumzi. "Mkono wa kulia unazima gari. Wa kushoto unazungusha kioo. Halafu anavua kofia, ananiambia, Mama Roger, hebu nyamaza kidogo."

Jopo likacheka, na jibu likaingia kwenye kumbukumbu.

Lakini mke ni mke, atasema nini kingine? Rafiki naye ni rafiki. Ndiyo maana sikutafuta marafiki. Nilimtafuta mtu ambaye kawaida ya Merle ilimkera kuliko wote, nikampata Wendell Tice, jirani yake, ambaye hakusalimiana naye kwa miaka kumi na minne kwa sababu ya uzio. Nilipomfuata nyumbani alinijibu mlangoni, "Nimsaidie Merle? Amekufa na ngazi yangu aliyoazima." Nikamwambia hatamsaidia mtu, atasema ukweli tu. Akafikiri, akauliza kesi ni saa ngapi.

Kizimbani alikaa na jaketi lake la shambani.

"Bwana Tice, ulikuwa unapita kivuko kile na Merle Uphoff?"

"Sikupita naye. Nilikuwa nyuma yake. Kila mavuno napeleka mahindi yangu ghalani, na kila mavuno huyo bwana yuko mbele yangu."

"Alikuwa anafanya nini kivukoni?"

"Anazima gari. Katikati ya mavuno, watu tumepanga foleni, yeye anazima gari, anateremsha kioo, anavua kofia kama yuko kanisani."

"Na wewe?"

"Mimi napiga honi. Nimempigia honi miaka kumi na minne."

Lang akasimama akiwa na tabasamu lake. "Mlikuwa maadui, sivyo?"

"Ndiyo."

"Na hiyo siku ya ajali hukuwepo. Inawezekana mara hiyo moja alikuwa na haraka."

Tice akamgeukia. "Kijana, nimempigia honi, nimemtukana mama yake, na mwaka sabini na moja nilimsukuma kwa bampa. Hakuwahi kuwasha gari kabla hajamaliza kusikiliza. Kama mimi nilishindwa kumharakisha, treni ingeweza?" Akakuna shingo. "Na masikio yake yalikuwa mazima. Nikimsema vibaya upande wangu wa uzio, alikuwa ananijibu."

Lang akakaa. Nikamwangalia Roger, aliyekuwa nyuma ya mama yake. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Jopo lilikaa ndani kwa saa mbili. Walipotoka, jaji akasoma maswali yaliyoandikwa na majibu yao. Je, Merle Uphoff alisimama na kusikiliza kabla ya kuvuka? Ndiyo. Je, honi ya treni ilipigwa? Hapana. Mengine yaliyosomwa Darlene hakuyasikia. Alikuwa ananivuta mkono wa gauni, ananiuliza kama anaweza kupewa nakala ya karatasi ile. Nikamwambia atapewa hata kumi.

Tulirudi kwa gari la Roger, mama yake mbele, mimi kiti cha nyuma. Tice alikuwa anatufuata na lori lake. Tulipofika kivukoni Roger akasimama. Akazima injini. Akateremsha kioo, upepo wa mashamba ukaingia ndani.

Nikageuka kumtazama Tice, nikiisubiri honi. Alikuwa amezima lori lake. Kofia alikuwa ameivua.