Vifuniko Vitatu vya Chupa za Jemu

Mwanafunzi wa uuguzi alianguka wodini akiwa ameshika kipimajoto cha mgonjwa. Hakuwa anaumwa, lilikuwa tumbo tupu tu. Mkufunzi wa wauguzi akampa maji ya sukari, kisha akamwambia bila kupepesa macho: "Ukidondoka tena kwenye mtihani wa vitendo Jumanne, mwaka unaurudia."

Dada mkubwa wa binti huyo aliposikia, hakupiga kelele. Yeye aliishia darasa la saba, akakaa kwenye cherehani ya karakana ya sare za shule ili mdogo asome. Alijua hosteli hairuhusu jiko wala hita, na kwamba yule binti hukimbilia wodini alfajiri mswaki bado uko mdomoni. Basi akatafuta chakula kisichotaka moto wala muda.

Wiki mbili alijaribu kwenye friji la jirani. Shayiri bapa za pakiti, mtindi, kijiko cha karanga zilizosagwa, zabibu kavu kidogo. Koroga kwenye chupa tupu ya jemu, funga, acha hadi asubuhi. Kila asubuhi alifungua akachungulia kama anayemtazama mtoto aliyelala. Shayiri zimelainika, zabibu zimevimba. Ndizi aliyoikatia humo ilikuwa nyeusi kama imenuna; akaamua ndizi iende nzima na ganda lake. Siku ya nne mtindi ulikuwa na ukali wa kukunja uso. Kwa hiyo chupa tatu tu kwa mara moja, nyingine angezipeleka Jumatano jioni.

Jumapili alipofika hosteli, mdogo wake alikuwa kwenye mazoezi. Chupa zikapokelewa na mwenzake wa chumba, msichana aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimwi.

"Shikamoo dada! Zote za kwake? Na mimi mbebaji?"

"Marahaba. Wewe ukitafuna, chumba kitakosa taarifa ya habari. Ziweke kwenye friji la korido."

Jumatatu mchana, cherehani zimepumzika, simu ikalia.

"Dada, asante. Ila Redio amekula chupa mbili."

"Mbili zipi?"

"Ya kwanza na ya pili. Nimekuta ya tatu, ya nne na ya tano, vifuniko vimeandikwa. Anaapa hajagusa. Nimemwita mwizi korido nzima ikisikia, na tangu asubuhi hajasema neno."

Redio kunyamaza! Hapo dada akajua mambo yameharibika kweli.

"Na wewe umekula nini?"

"Sijala. Ya tatu si ya Jumatano, siku ya tatu ya masomo? Sikutaka kuvuruga mpango wako. Leo nilijishikiza kwenye kitanda cha mgonjwa, mkufunzi akaniangalia sana."

Dada alikitazama kifurushi cha sketi mbele yake. Juu yake, kwa chaki, palikuwa na 3. Miaka yote karakana iliandika hivyo: mzigo wa Jumatatu tatu, wa Jumanne nne, nani ana muda wa kuandika jina zima? Vidole vyake vilikuwa vimejiandikia tu kwenye vifuniko, yeye hata hakufikiri.

"Mdogo wangu, nitajie siku, taratibu. Anza na Jumamosi."

"Jumamosi?"

"Mosi. Endelea."

"Jumapili... pili. Juma... Juma-tatu. Mungu wangu, dada! Ya tatu ni ya leo!"

"Ya leo. Sikuleta chupa tano, nilileta tatu. Redio hajalamba hata kifuniko."

"Nitamtazamaje sasa?"

"Kosa la kwanza ni langu, niliandika kifundi. La pili ni lako, na hilo sitakuja kukuombea radhi mimi. Ulimtia aibu koridoni, kamtoe aibu koridoni. Lakini kula kwanza, usije ukaanguka katikati ya samahani."

Jioni ile hakupigiwa simu. Kesho yake alishona mfuko wa sketi kinyume, akaufumua, akaushona tena kinyume. Saa tano simu ikalia, na sauti haikuwa ya mdogo wake.

"Dada? Mimi Redio! Amesimama mwanzo mpaka mwisho! Ametandika kitanda mgonjwa akiwa juu yake, amefunga bandeji, hakutikisika. Kapita! Sasa analia tu, hawezi kuongea, ndiyo maana..."

"Ndiyo maana umenyakua simu. Mmepatana?"

"Jana alipita mlango kwa mlango, wote waliosikia tusi wakasikia na samahani. Nilitaka kununa wiki nzima, dada, ila maneno yalishanijaa. Chupa ya nne tumekula wote asubuhi."

"Mmegawana chakula cha mtihani?"

"Yeye robo tatu, mimi robo. Nilipima kwa kijiko!"

Jumatano jioni dada alibeba chupa nne, mbili za kila mmoja. Kwenye vifuniko aliandika ALHAMISI na IJUMAA kwa herufi kubwa, polepole, ncha ya ulimi nje kama alivyokuwa akiandika darasani. Redio alimkuta getini, akamwamkia, kisha akaficha mikono nyuma.

"Mimi sishiki, dada. Zihesabu kwanza, mlinzi akiona."