Ni Kiungulia Tu

"Una kinyongo na nani?"

Jirani yangu aliniuliza hivyo asubuhi moja, ndoo ya maji mkononi, nami nimesimama mlangoni kwangu nimeshika kifua, natema mate machungu kwenye kopo. Mtaani tunamwita Redio, maana haizimwi na betri zake haziishi. Si mtu mbaya. Ila akikuona unatema, lazima ajue umekula nini, na nani, na kwa nini.

"Kinyongo cha nini tena, jirani? Ni kiungulia."

"Kiungulia mwaka wa tatu huu? Ungekuwa na mume ningesema mimba, tena ya mtoto mwenye nywele nyingi. Sasa mjane kama wewe mimba utaitoa wapi?" Akacheka mpaka maji yakammwagikia miguuni. Kisha akanisogelea, akashusha sauti, jambo ambalo halifanyi kila siku. "Shoga yangu, nyongo ikipanda namna hiyo, kuna mtu hujamsamehe. Nyongo na kinyongo ni mtu na mdogo wake. Mtafute huyo mtu, umsamehe, utaniambia."

Akaenda zake kumwagia nyanya zake maji. Neno lake likabaki pale mlangoni na mimi.

Mimi ni fundi wa kushona. Shule niliishia ya msingi, lakini mshono ulioruka nauona kutoka upande wa pili wa chumba. Kazi yangu ni ya kuinama. Ukiinama kufuata mshono tumbo linabanwa, na kile kimaji kikali kinapanda mpaka kooni, kama mtu kakumiminia siki kwa ndani. Nikipiga pasi, kinapanda. Nikiokota sindano, kinapanda. Hata sala nilishindwa kuisali vile nilivyofundishwa na mama yangu, nikawa nasali nimekaa kitini. Siku za kwanza niliona haya sana. Niliona kama nimekwenda mbele ya Mungu kama mgeni rasmi anayesubiri soda.

Lakini maumivu huja yakaondoka. Kinachomchosha mtu ni kukataa. Chai ya watu nakataa. Ndimu nakataa. Pilipili nakataa. "Kidogo tu," wanasema, na ukikataa mara ya tatu unaona uso wa mwenye nyumba unavyokunjamana. Wengine wakasema naringa. Wengine wakasema naogopa sumu. Nikaanza kujibu kwamba nimeshiba, nimefunga, nimetoka kula sasa hivi, mpaka nikaona nimekuwa mwongo kwa ajili ya tumbo. Mwisho nikaacha kwenda kwa watu.

Neno la Redio lilinikaa kwa sababu lilikuta nafasi. Mtu wa kumsamehe alikuwapo, naye ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Siku tuliyomzika, miaka minne iliyopita, aliniambia mbele ya wanawake wote, "Wewe unayejifanya una macho kumi, kaka yangu anakufa ulikuwa unaangalia wapi?" Sikumjibu. Nilimeza. Watu wakanisifu, wakasema mwanamke yule ana kifua.

Sababu ya kutomjibu sikumwambia mtu yeyote, lakini hapa naiandika. Mume wangu alikuwa seremala. Siku ile alirudi mapema, mchana, akakaa kwenye kiti chake, jasho linamtoka na shati limemganda mgongoni. Akaweka mkono hapa, katikati. "Mke wangu, hapa panawaka." Nikainua macho kwenye cherehani, nikamtazama, nikasema, "Ni kiungulia tu. Umekula mbiombio." Nikampa kikombe cha maziwa baridi. Akasema asante. Nikarudi kwenye sare za wanafunzi, maana mwalimu alikuwa anazitaka kesho yake. Nilipokwenda kuchukua kikombe kilikuwa kimejaa nusu, naye ameinamisha kichwa kama mtu anayesinzia. Hakuwa anasinzia.

Kwa hiyo kiungulia kiliponianza mimi, mwaka uliofuata, mahali palepale katikati, sikuwaza nilichokula. Niliwaza kwamba napimwa kwa futi ileile niliyompimia yeye.

Daktari alinipa vidonge vya kumeza kila asubuhi kabla ya kula, na vilikuwa vinanisaidia. Baada ya maneno ya Redio nikavitia kwenye droo ya cherehani, pamoja na vifungo visivyo na wenzao. Niliwaza hivi: nikimeza dawa nikapata nafuu, nitajuaje kama nimesamehe kweli? Ndiyo akili niliyokuwa nayo. Wiki mbili nikawa namwombea wifi yangu asubuhi na jioni. Nilimwombea yeye, nikawaombea wanawe, nikamwombea na mumewe ambaye hata salamu hajui kuitikia. Hali ikawa mbaya kuliko mwanzo. Sauti ikakauka, wateja wakawa wananiuliza kama nimetoka mpirani. Nami nikawa na woga wa pili juu ya ule wa kwanza, kwamba hata msamaha wangu Mungu ameukataa.

Wiki ya tatu kifua kilinibana nikiwa natia mkunjo wa suruali. Nikakitazama kile kiti cha mume wangu, nikasema sitakufa nimekaa. Nikafunga mlango, nikaenda zahanati kwa miguu, polepole, nikishika ukuta wa kila nyumba niliyoipita.

Daktari ni binti mdogo, wa umri wa kuwa mwanangu kama ningejaliwa. Alinilaza, akanibandika waya kifuani na kwenye viwiko vya miguu, mashine ikaandika mistari yake kwenye karatasi. Akaisoma yote, mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayesoma barua ya nyumbani.

"Moyo wako mzima, mama. Vidonge unameza?"

"Niliacha."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nasamehe."

Hakucheka. Akaweka kalamu chini. "Nieleze vizuri."

Nikamweleza habari za nyongo na kinyongo. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, hiyo wala si nyongo. Ni asidi ya tumboni. Pale koo linapoingia tumboni kuna kitu kama mlango. Kinatakiwa kifunge chakula kikishapita. Chako kimelegea."

"Kimelegea kama lastiki ya sketi iliyochoka?"

"Kama lastiki ya sketi hasa."

"Basi lastiki mimi huwa natoa, natia mpya."

Hapo akacheka. "Upasuaji upo, lakini wewe hujafika huko. Kwa sasa tunaishi nayo. Vidonge, kuangalia chakula, usilale tumbo likiwa limejaa. Na watu wasamehe, mama, ni vizuri. Ila dawa umeze."

Nilikuwa nimeshavaa viatu. Nikakaa tena. "Daktari, mtu akikwambia hapa panawaka, wewe unajuaje kama ni kiungulia au ni moyo?"

"Kwa kumtazama tu?"

"Kwa kumtazama tu."

"Sijui. Ndiyo maana nimekufunga waya. Hata mimi niliyesomea siwezi kwa macho, tunakosea hata sisi."

Nikamwomba aseme tena. Akasema tena, bila kuniuliza sababu. Nililia pale kitandani kwake, si kwa sauti, nikajifuta kwa ncha ya mtandio, na yeye akajifanya anatafuta kitu kwenye kabati mpaka nilipomaliza.

Nilirudi nyumbani nikavitoa vidonge kwenye vifungo. Siku chache sauti ikarudi. Lakini jambo moja sasa lilikuwa mbele yangu, wala halikuwa na dawa. Miaka minne nilijiona mimi ndiye niliyekosewa. Wifi aliuliza swali baya mahali pabaya, sawa, lakini lilikuwa swali, na jibu nilikuwa nalo mimi. Katika watu wa mume wangu ni yeye peke yake anayepiga hodi kwangu mpaka leo. Sina mtoto, sina ndugu karibu. Nikimwambia, naweza kubaki bila hata huyo mmoja. Nisipomwambia, kila sahani atakayonisogezea nitaikataa kwa uongo mwingine.

Nikamwita Jumamosi mchana.

Alikuja na sufuria yake kichwani, ingawa nilishamwambia nimepika. Wifi yangu ni mwanamke mkubwa, akiingia chumba kinajua.

"Chakula chako tunakijua, wifi," alisema, "maji ya kuoshea mchele yana ladha kuliko mchuzi wako. Nimekuja na wangu." Akafunua. Pilipili ikanipiga machoni kabla sijaona nyama. "Na leo unakula. Miaka yote unakichungulia chakula changu kama unatafuta nywele. Leo sahani moja, mimi na wewe."

"Wifi, mimi nina—"

"Una nini? Una meno, una mkono. Kula."

Nikala. Ulikuwa ujinga, najua, mtu aliyetoka kwa daktari juzi. Lakini nilitaka aone mara moja tu kwamba sahani yake siichukii. Tonge la kwanza likapita. La pili likapita, naye akatabasamu, akanisogezea mnofu upande wangu. La nne lilikuwa halijafika chini moto ukapanda kulipokea. Macho yakanitoka machozi, nikainuka na kuingia chumbani kutafuta dawa nyeupe ya maji ninayokunywa moto ukizidi.

Akanifuata. "Unakwenda kutapika chakula changu?"

Chumba changu cha kulala haingii mtu. Akasimama mlangoni, anatazama chini. Kitanda changu kimeinuliwa upande wa kichwani, kila mguu matofali mawili, kwa hiyo kinaonekana kama gari linalopanda mlima.

"Hayo matofali ya nini?"

Nikameza dawa kwanza. "Kichwa kiwe juu. Nikilala sawasawa, asidi inanifikia kooni, napaliwa."

"Kila siku?"

"Kila siku. Mwaka wa tatu."

Akakaa kwenye kasha la nguo. "Mwaka wa tatu. Nami nimelia kwa ajili ya sahani zangu, wifi, wallahi nimelia. Nimemwambia mume wangu yule mwanamke ananiona mchafu. Maradhi yanafichwa? Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ningelazimika kulitaja jina lake."

"Kiungulia? Kutaja kiungulia kuna nini?"

Nikakaa kitandani, upande wa miguuni, kwa kuwa ndiko kulikokuwa chini. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi tangu asubuhi, ya kuzunguka na ya kurudi. Yote yakapotea, yakabaki yale mafupi.

"Siku ile kaka yako alirudi mchana, jasho linamtoka. Akashika kifua, akaniambia panawaka. Nilimwona kwa macho yangu haya. Nikamwambia ni kiungulia tu. Nikampa maziwa, nikarudi kushona. Ulipouliza nilikuwa naangalia wapi, nilikuwa naangalia sare za shule."

Maneno ya daktari sikumtajia. Yalikuwa yananisaidia mimi kulala, lakini sikutaka kuyatumia kumnyamazisha yeye. Kifuani bado palikuwa panawaka, pilipili ile haina mchezo, ila ulikuwa moto wa pilipili tu. Nikangoja.

Wifi aliitazama mikono yake, mmoja bado una mchuzi.

"Alipokunywa alisema nini?"

"Alisema asante."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anayekubali jambo la kaka yake alilokuwa analijua. Kisha macho yake yakarudi kwenye matofali, yakasimama kwenye la juu la mguu wa ukutani, ambalo lilikuwa limeponyoka, nusu ya mguu inaning'inia.

"Inuka," alisema.

Nikainuka. Akatia bega chini ya ubao wa kitanda, akakinyanyua peke yake, akalisukuma tofali kwa kisigino mpaka likakaa sawa, akakishusha. Akakitikisa kwa mkono ule usio na mchuzi kuona kama kinacheza. Hakikucheza. Akanawa kwenye beseni, akafunga mtandio wake, akapita chumba cha mbele. Sufuria yake ilikuwa mezani, kifuniko kando, nayo hakuigusa. Akafungua mlango, akatoka, kama mtu atakayeifuata siku nyingine.