Masale Mlangoni kwa Yuditha

Jumapili ya kwanza ya Januari, baada ya tangazo la mtamba aliyepotea na kabla ya wimbo wa kwaya ya akina mama, Mchungaji Denis aliwaambia washarika kwamba huu ungekuwa Mwaka wa Kukua Kiroho. Usharika wenyewe uko mlimani, juu ya Kwa Sadala, mahali ambapo ukungu huingia kanisani pamoja na watu na kukaa benchi za nyuma. Mchungaji alikuwa ametoka semina. Alieleza kwamba kukua huko kutapimwa, kwa sababu wakubwa wanataka ripoti, na kipimo kitakuwa msamaha. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, aliyemkosea mwenzake atakuja mbele na jani la isale, na aliyekosewa atalipokea mbele ya wote.

Watu waliitikia amina kwa nguvu, maana hilo la isale hawakuhitaji semina kulijua. Tangu enzi za babu zao masale ndiyo yanayopandwa mipakani mwa vihamba, mashamba ya urithi, na jani lake likifungwa fundo ndilo linaloomba radhi. Ukiletewa isale husemi hapana. Hata aliyechomewa nyumba hupokea kwanza, ndipo atafute pa kulala. Na masale ya mpakani hakuna mtu mwenye akili timamu anayeyang'oa.

Yuditha alikuwa benchi la nne, upande wa wanawake. Mumewe, Gidioni, alifariki miaka mitatu kabla ya hapo akamwachia nusu eka ya migomba na kahawa, binti mmoja aitwaye Doris, na maneno aliyoyasema hospitalini mbele ya mashahidi: kihamba ni cha Doris, na Yuditha siku yake ikifika alazwe ubavuni pake, pale kwenye kahawa. Yuditha hakutaka kitu kingine duniani. Aliyetaka ni shemeji yake Sifael, kaka mkubwa wa marehemu na mzee wa kanisa, ambaye kihamba chake kilipakana na hicho kwa upande wa juu. Sifael hakuwahi kuelewa kwa nini baba yao alimpa kitindamimba shamba lenye maji. Hilo la kutoelewa alikuwa nalo miaka arobaini.

Februari, Sifael ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenda mbele. Alivaa koti lake la Pasaka na kushika isale kwa mikono miwili.

"Shemeji," alisema, "nilikata migomba yako mitatu. Ibilisi alinipitia. Naomba unisamehe."

"Nimekusamehe, shemeji," alisema Yuditha, akapokea.

Watu wakapiga makofi. Sifael alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Alirudi nyumbani mwepesi, akala mtori bakuli mbili. Yuditha aliliweka lile jani ndani ya Biblia.

Asubuhi alipotoka kwenda kukata majani ya ng'ombe, alikuta masale ya mpakani yameshuka hatua sita. Yalisimama mstari mmoja, mashina manene yaliyoota kuvu, kama yaliyokuwepo hapo tangu ujana wa baba mkwe wake. Pale yalipokuwa jana hapakuwa na hata shimo. Mparachichi wake sasa ulikuwa upande wa juu, na Sifael alikuwa ameshaupanda, anaangua.

Aliitwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Kornel. Alikuja na daftari kwapani, akatembea mpakani mara mbili.

"Mama Doris, mpaka ni nini?"

"Ni masale."

"Na masale yako wapi?"

"Si haya hapa?"

"Basi mpaka uko hapo. Mimi niandike nini kingine?"

Sifael alimdondoshea parachichi, naye akashukuru akaenda zake.

Machi, Sifael aliomba msamaha kwa kuyageuza maji ya mfongo, mfereji wa kijiji, yasifike kwa Yuditha. Alisamehewa, na maji hayakurudi. Masale yakashuka hatua sita. Aprili aliomba msamaha kwa kahawa alizochuma kwenye miti isiyo yake, ingawa kufikia siku hiyo miti ilikuwa imeshakuwa yake. Yakashuka tena. Yuditha alijaribu kuliacha jani kanisani, juu ya benchi. Alijaribu kulipa ng'ombe, na ng'ombe akaligusa kwa pua akageukia kwingine. Haikusaidia kitu. Lililosogeza masale halikuwa jani, ni mkono uliolipokea.

Kwa hiyo Mei hakuunyoosha. Sifael alisimama mbele yake na isale, akasema kosa lake, ambalo lilikuwa kumsema vibaya sokoni, na Yuditha akabaki na mikono ndani ya kitenge. Mchungaji Denis alingoja kidogo.

"Mama Doris, tunakusubiri."

"Naomba nifikirie, Mchungaji."

Hakuna aliyewahi kusikia neno hilo mbele ya isale. Kwaya iliimba wimbo wote, ikaurudia. Saa sita ikapita. Nje, maziwa yaliyoletwa kwa ajili ya mnada wa baada ya ibada yalianza kuganda, na watoto wakaanza kulia njaa. Magreth, mke wa Sifael, alimsogelea Yuditha na kumwambia kwa upole kwamba anawaadhibu watoto wa watu. Mwanamke mwingine alimfinya kiunoni. Saa nane na nusu mzee mmoja mwenye kisukari alianguka, akainuliwa, akalazwa kwenye benchi, na kichwa chake kikaelekezwa kwa Yuditha ili amwone vizuri.

Akanyoosha mkono. Makofi ya siku hiyo yalisikika mpaka barabara ya lami.

Baada ya hapo usharika ulikua kwa namna ambayo haikuwahi kuonekana. Wengine nao walileta masale yao, lakini madogomadogo, ya kuku na ya maneno, yakisogeza mipaka kwa upana wa kiganja, na kwa kuwa jirani naye alikosea mwezi uliofuata, mipaka ilirudi ilipokuwa. Ni kwa Yuditha tu iliposhuka bila kupanda, kwa sababu Yuditha hakuwa na kosa. Mchungaji alimtaja katika mahubiri matatu. Umoja wa Wanawake ulimpa kitenge, akahamishiwa benchi la mbele, ambako Sifael hakuhitaji kutembea mbali kumfikia.

Agosti masale yalipita katikati ya nyumba na kaburi la Gidioni. Yuditha alisimama upande wake akautazama msalaba kwa juu ya majani. Alikuwa na fagio mkononi, kwa sababu ilikuwa Jumatatu na Jumatatu ndiyo siku aliyofagia kaburi. Alimwita Magreth kuomba ruhusa ya kuvuka. Magreth alisema hana neno, ila amuulize mwenye shamba. Mwenye shamba alikuwa akimfunga ndama kwenye msalaba. Yuditha alirudi ndani akalia kwa hasira, hasira safi isiyo na hata chembe ya huzuni, na Septemba akaletewa isale kwa ajili ya ndama.

Oktoba Doris alipanda kutoka Njoro, alikokuwa fundi cherehani. Alimsalimia baba yake mkubwa shikamoo juu ya masale, akaitikiwa marahaba vizuri kabisa, kisha akaingia ndani na kufunga mlango.

"Mama, hatua ngapi zimebaki?"

"Sita mpaka kizingiti."

"Sasa sikiliza. Anayesamehe ndiye anayepungukiwa, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na wewe mkosee."

 Katika miaka hamsini na minane Yuditha hakuwahi kuiba hata chumvi.

"Mkosee kitu kikubwa, mama. Halafu upeleke isale. Hatua sita kila mwezi, kaburi la baba litarudi."

Kesho yake, saa nne asubuhi, Yuditha alivuka masale, akakata mkungu wa ndizi mshare kwenye mgomba alioupanda kwa mkono wake mwaka aliozaliwa Doris, akaubeba kichwani kupitia njia kuu. Alimsalimia kila aliyekutana naye ili asikosekane shahidi. Usiku hakulala vizuri, kwa sababu ndizi zile alizila na zilikuwa tamu.

Novemba, kabla Sifael hajainuka, Yuditha alishaenda mbele.  Wote walijua hatua sita maana yake nini, na Sifael alijua kuliko wote.

"Shemeji, nimekuibia mkungu wa ndizi. Naomba unisamehe."

Sifael alilitazama lile jani.  Kisha akawageukia watu.

"Wapendwa, sitawadanganya. Nimeumia. Nimejichunguza, na nimeona sijafika kiwango cha dada yetu huyu. Bado mimi ni mchanga. Niombeeni."

Akaiweka mikono yake mfukoni.

Doris alisimama benchi la nyuma. "Mei mlimsimamisha mama yangu mpaka saa nane!"

"Binti, msamaha haulazimishwi," alisema Mchungaji Denis, akashuka madhabahuni kumkumbatia Sifael, kwa sababu unyofu wa namna ile ni nadra kwa wazee wa kanisa. Wanawake walilia. Maombi yalichukua nusu saa, ya kumwombea Sifael apone jeraha la ndizi. Mkononi mwa Yuditha lile jani lilinyauka, kama jani lolote lililokatwa.

Lilibaki suala la wizi, ambao aliyeutenda alikuwa ameukiri mwenyewe mbele ya watu mia mbili. Utaratibu ulijulikana. Yuditha alitengwa na meza ya Bwana mpaka aliyekosewa atakapomsamehe, akarudishwa benchi la mwisho, kwenye ukungu. Mchungaji alimweleza nje, kwa sauti ya huruma, kwamba aliyetengwa usharika haumziki, na kwamba hata ukimzika, pale kwa Gidioni sasa ni kwa Sifael.

Desemba siku ya msamaha ilisogezwa mpaka watu waliporudi nyumbani kwa Krismasi kutoka Dar na Arusha, kanisa likajaa hadi milangoni. Jumapili hiyo Sifael alikwenda mpaka benchi la mwisho, akapiga magoti sakafuni na koti lake la Pasaka.

"Shemeji, nimekukosea kosa kubwa kuliko yote. Uliniomba msamaha nami nikashindwa kukusamehe. Naomba unisamehe kwa kutokukusamehe." Akashusha sauti. "Ukinipokea hili, Bwana atanifungua na mimi siku moja. Utalala kwa mumeo."

Yuditha alimwangalia. Alimchukia waziwazi, na alijua anamchukia, na alijua pia kwamba hiyo siku moja haipo kwenye kalenda yoyote. Lakini alikuwa na kaburi moja tu la kutumainia, na njia ya kulifikia ilipita kwenye vidole vya mtu huyu. Akapokea.

Zilikuwa zimebaki hatua sita. Asubuhi alipofungua mlango, masale yaligusa gauni lake.

Ibada ya kufunga mwaka jumuiya yake iliifanyia hapo kwake, ili akabidhiwe cheti cha aliyesamehe mara nyingi kuliko wote. Cheti kilikuwa kimeshachapishwa kabla hajatengwa. Kwa kuwa kwa Yuditha hapakuwa na pa kusimama, watu arobaini walisimama upande wa Sifael, naye akawakaribisha wajisikie nyumbani. Wengine waliegemea kaburi. Magreth aligawa chai. Mchungaji Denis alitangaza kwamba mwaka ujao utakuwa Mwaka wa Shukrani, na kwamba mama Doris, kwa jinsi alivyobarikiwa, ndiye atakayeufungua.

Kisha akatoa fomu ya ripoti. Aliandika idadi ya misamaha, idadi ya waliokua, idadi ya waliotengwa, yaani mmoja. Penye migogoro ya ardhi aliandika hakuna. Alitaka kusaini, lakini fomu ilikuwa inapeperuka, hivyo akaomba mtu amshikie.

Aliyekuwa karibu ni Yuditha, mlangoni pake. Akanyoosha mkono juu ya masale, akaishika.