Bondia Ajiandaa kwa Kipimo cha Ini

Katika familia yetu hakuna anayeingia kwenye mtihani bila kujiandaa. Nina stashahada ya ufundi wa magari, nafundisha watu kuendesha, na mwanafunzi wangu akifeli basi amefeli kwa ukaidi wake. Kwa hiyo kitindamimba wangu aliposema anataka kwenda kupima ini, nilimuuliza swali moja.

"Lini?"

"Jumatatu ijayo."

"Wiki inatosha. Kesho alfajiri uwe uani na viatu vya mazoezi."

Tunamwita Bondia kwa sababu alizaliwa amekunja ngumi. Ni fundi vigae, na mkono wake ni mzuri. Lakini alikunywa pombe tangu ujana, na siongelei chupa moja ya sherehe. Kuna asubuhi nilizokuwa nikifungua mlango nakuta amelala kizingitini na viatu vyake. Halafu, karibu mwaka sasa, akaacha. Hakuapa wala hakutangaza. Alianza tu kurudi nyumbani jua bado lipo, anaoga, anakula, analala. Sisi tukanyamaza, kama watu wanaonyata kwenye chumba chenye mtoto mchanga.

Kipimo alikitaka mwenyewe. "Nataka nijue kama mwili umenisamehe," aliniambia.

Nikamwandaa. Kuruka kamba, kupanda na kushuka ngazi za jengo letu, kuchuchumaa na kuinuka na ndoo ya maji kila mkono. Baada ya hapo anakwenda kazini kubeba maboksi ya vigae. Baba yake alikaa pembeni na kikombe cha chai akitutazama.

"Mama Bondia, kijana anakwenda kutolewa damu, hagombei mkanda."

"Wewe kunywa chai yako."

Kufika Jumapili Bondia alikuwa anashuka ngazi kwa ubavu kama kaa, akishikilia ukuta. Nikaona mazoezi yamemwingia. Jumatatu nikamkaangia mayai matatu, nikampakia mkate siagi, nikammiminia chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha. Mtu haendi kwenye mtihani na njaa.

Siku majibu yalipotoka alikwenda kuyachukua peke yake. Nilipotoka kazini nikamkuta amekaa kitandani, karatasi iko magotini. Vimeng'enya viwili vya ini vilikuwa juu ya kiwango. Mafuta kwenye damu yalikuwa juu, kolesteroli mbaya nayo juu. Pembeni ya kila kimoja palichorwa mshale unaoelekea dari.

"Nimechelewa, mama."

"Daktari amesemaje?"

"Sikumwona. Nilipewa karatasi dirishani nikaondoka."

"Kwa hiyo umejisahihishia mtihani mwenyewe."

"Mishale si hiyo hapo? Kama ini limeshaharibika, mimi najinyima nini? Kila siku wenzangu wananiita, kila siku nakataa. Nakataa kwa faida gani?"

Hakupaza sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. Bondia akifoka namjua, tunafokeana, yanaisha. Huyu alikuwa anaongea taratibu kama mtu anayefunga duka. Akachukua koti lake, akaelekea mlangoni.

"Mishale haikusomea udaktari," nikamwambia. "Twende kwa aliyesomea."

"Naendesha mimi," akasema. Nikampa funguo.

Njia ya zahanati inapita mbele ya baa aliyokuwa akinywea. Wenzake walikuwa wamekaa nje, viti vimeegemezwa ukutani. Mmoja akasimama akapunga mkono.

"Bondia! Umepotea, bwana! Njoo upoze koo!"

Gari likapunguza mwendo. Gari la kufundishia lina breki upande wa mwalimu, na mguu wangu ulikuwa juu yake. Lakini breki inasimamisha tu, na mimi sikutaka gari lisimame. Pedeli ya mafuta ilikuwa kwake. Nikafunga mdomo, jambo ambalo wote wanaonijua hawataliamini.

Bondia akainua mkono, akawapungia, akakanyaga mafuta.

Daktari alikuwa binti mdogo, nusu ya umri wangu, amechoka lakini ana uso mkunjufu. Akaisoma karatasi bila kukunja uso. Akamuuliza Bondia kama anakunywa.

"Niliacha. Karibu mwaka."

"Hongera. Dawa yoyote? Mitishamba?"

"Hapana."

"Siku chache kabla ya kipimo ulifanya kazi nzito?"

Bondia akanigeukia. Daktari naye akanigeukia. Nikaeleza yote: kamba, ngazi, ndoo, maboksi.

"Mama," daktari akasema, "ulikuwa unamwandaa kwa kipimo au kwa vita?"

Kisha akavuta kiti karibu. Vimeng'enya hivi viwili, akasema, havikai kwenye ini peke yake. Vimo pia kwenye misuli, na misuli ikichoshwa kupita kiasi, hasa kwa mazoezi isiyoyazoea, inavimwaga kwenye damu. Hapa vimepanda kidogo. Kuna kingine ambacho kwa wanywaji mara nyingi hupanda, na kwake kimetulia. Vinavyoonyesha kama ini linafanya kazi yake viko sawa.

"Kwa hiyo ni misuli?" Bondia akauliza. Alikuwa amesogea hadi ukingo wa kiti.

"Inawezekana. Siwezi kuapa kwa karatasi moja. Pumzika wiki nzima, usinyanyue kitu kizito, halafu turudie, na tupime kimeng'enya cha misuli pia. Vikibaki juu, tutalipiga ini picha tujue sababu. Na hayo mafuta, ulikula nini asubuhi ile?"

"Usimjibu," nikasema.

Akajibu. Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Akasema safari ijayo aje hajala kitu tangu usiku, maji tu.

Wiki ile nilimkataza hata kusogeza kiti. Kazini wenzake walimbebea maboksi, yeye akawa anapanga na kukata vigae tu. Nawashukuru vijana wale mmoja mmoja. Jioni alitembea polepole na baba yake, na kila aliporudi nilimsogelea kumnusa mdomo. Alijua ninachofanya. Aliniinamia kabisa ili nisihangaike.

Majibu ya pili tulikwenda kuyapokea wote watatu. Kimeng'enya kimoja kilikuwa kimeshuka kabisa, cha pili kimebaki juu kwa unywele. Cha misuli kilikuwa kawaida. Mafuta yaliyopandishwa na kifungua kinywa changu yalikuwa yametulia. Kolesteroli mbaya peke yake ilikuwa bado juu kidogo.

"Hii si ya ndoo," daktari akasema. "Nani mwenye kolesteroli kwenye familia?"

"Mimi," nikasema. "Na mama yangu."

"Basi huenda amerithi."

"Afadhali angerithi kiwanja," baba yake akasema.

Hahitaji dawa kwa sasa, daktari akasema. Apunguze vya kukaanga, siagi iondoke mezani, aendelee kutembea, na pombe ibaki huko alikoiacha. Kile kilichobaki juu kwa unywele kinaendelea kushuka, hakihitaji picha; miezi sita ijayo apime tena.

Nilimshukuru binti yule mpaka akaona haya. Nilimshukuru kwa kuuliza swali kabla ya kutoa hukumu, maana mimi nilikuwa na mtoto mlangoni, koti mkononi. Nilimshukuru Mungu palepale kwa sauti, bila kujali wagonjwa waliokaa kwenye benchi.

Bondia alikuwa ameshasogea dirishani kwa karani.

"Miezi sita ijayo, niandikie asubuhi mapema," nilimsikia akisema. "Saa nne nakuwa kazini."

Miaka yote ile mwanangu hakuwahi kupanga jambo la baada ya Ijumaa. Nikageukia ukutani nikajifanya nasoma bango la chanjo. Baba yake akanipa leso bila kunitazama.