Kiriba Mbele ya Gari la Siyad

Jumamosi, tarehe 15 Februari 2025. Asubuhi hiyo hapakuwa na upepo Garissa. Joto lililolala nasi usiku kucha lilikuwepo bado alfajiri, na mbingu haikuwa na wingu.

Baada ya swala nilishika njia ya Sangailu, peke yangu. Kaka yangu Siyad alipofariki, mjane wake Istahil alibaki huko na watoto. Mimi sina mke wala mtoto. Chumbani kwangu sauti ninayoisikia zaidi ni yangu mwenyewe, nikisoma Kurani au nikirudia masomo ya jioni ya umekanika. Gari la Siyad ndilo lililonifikisha kwao kila mwezi, na siku hiyo nilikuwa nalipeleka likauzwe. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wa Istahil, na mfanyabiashara wa mifugo kutoka Takaba, Kulow, alikubali kulipa kwa mitamba.

Lilikuwa Landikruza ya petroli yenye supachaja, pampu inayosindilia hewa ndani ya injini. Mbele yake nilikuwa nimetundika kiriba cha turubai kilichojaa maji. Upepo wa safari huyapoza maji, na watoto hukikimbilia kabla hata ya kunisalimu. Siyad alikuwa akikitundika kwenye mlango wa gari. Mimi nilikihamishia mbele, kwenye upepo mwingi zaidi.

Nilipofika Sangailu, Kulow alikaa kwenye usukani kulijaribu, dalali Korane pembeni yake, mimi nyuma. Tulipoingia kwenye mchanga gari liliguna, likatambaa.

"Nimekanyaga mpaka chini!" Kulow alifoka. "Korane, umeniletea gari au punda aliyefunga Ramadhani?"

"Punda angalau hula majani," Korane alisema. "Hili linakunywa petroli na bado linagoma."

Tuliporudi, Kulow aliteremka. "Istahil, dada yangu, nisamehe. Mitamba yangu nitarudi nayo."

Istahil aliwaandalia chai kivulini, chai ya rangi, maana maziwa hayakuwepo. Niliona alivyoinamisha uso akiwawekea wageni vikombe.

Mimi nilibaki kwenye gari. Nilifurahi. Astaghfirullah, nilifurahi kwamba halikununuliwa.

Kisha nikaunganisha mashine ya kusoma kompyuta ya gari, niliyoazimwa na mwalimu wetu, Abdimalik, nikarudi mchangani. Nilikanyaga mpaka mwisho, lakini throto, kile kilango kinachoruhusu hewa kuingia, kilifunguka robo tu. Hewa iliyokuwa ikiingia injini ilikuwa na joto la nyuzi tisini. Kompyuta ilikuwa inakibana kilango kwa makusudi, injini isiungue. Abdimalik hutuambia tutafute mahali joto liliposhindwa kutoka. Nilishuka nikatazama mbele. Redieta ndogo inayoipoza hewa ya supachaja ilikuwa nyuma ya kiriba, na tumbo la kiriba lilikuwa limeifunika yote.

Nilikitoa, nikaendesha tena. Nyuzi zilishuka, zikashuka. Kilango kikafunguka, na gari likaruka mbele hadi nikashtuka.

Hakuna aliyeniona. Walikuwa wakitawadha kwa adhuhuri. Nikirudisha kiriba mahali pake, gari litabaki, nami nitaendelea kuja. Niliswali nao, nikakaa kwenye sijida ya mwisho muda mrefu kuliko wote, nikimwomba Mola anionyeshe njia nyingine. Niliona vile vikombe visivyo na maziwa tu.

"Kulow, lijaribu tena," nilisema. "Kosa ni langu. Kiriba kiliziba hewa."

"Maji baridi yamelichemsha gari?" Korane alicheka. "Wallahi, hayo ni mapya."

"Si maji. Ni mahali nilipoyatundika."

Kulow alirudi kutoka mchangani akitabasamu kwa kujizuia, kama wanunuzi wanavyofanya. Yeye na Korane walifunika mikono kwa shali, kama wauzapo ngamia, wakasemezana bei kwa vidole mpaka Korane akaitikia kwa kichwa. Istahil aliweka mkono kifuani. "Alhamdulillah," alisema. "Watoto watakunywa maziwa."

Kisha akanigeukia mbele yao wote. "Na wewe, Nunow? Utafikaje kwetu?"

Wote walikuwa wakiningoja. Nilisimama.

"Kulow, Korane, kuweni mashahidi wangu mbele ya Mwenyezi Mungu. Kila mwezi nitafika nyumba hii, kwa lori la mbuzi au kwa miguu yangu, maadamu nina uhai, inshallah."