Goti Lililonyamaza

Nesi alimshika Cheche mkono, akamwonyesha atumie ubavu wa kiganja. "Hapa, chini ya pia ya goti. Gonga kidogo tu. Huko karakana sipo, lakini hapa sitaki nyundo."

Cheche akagonga. Mguu wa mkewe ukaruka juu ya godoro.

"Fundi wa vyuma leo fundi wa magoti," mkewe alisema kwa sauti nzito. Ulimi wake ulikuwa umevimba. Asubuhi, kifafa cha mimba kilipomtupa sakafuni, aliung'ata. Mtoto alitolewa kwa upasuaji, mdogo kama mkate, na sasa alikuwa chumba cha watoto njiti. Mama yake alibaki hapa, na dripu ya magnesiamu ikimdondokea mkononi.

"Sista, hiyo dawa inafanya nini hasa?" Cheche aliuliza. Alikuwa mtu wa kuuliza kwa ukali hata akiomba maji.

"Wewe unatengeneza mageti, utanielewa. Mwisho wa kila mshipa wa fahamu pana vijilango. Ujumbe ukifika, kalsiamu inaingia hapo na kuusukuma uvuke kwa jirani. Kwenye kifafa mishipa yote inapayuka kwa pamoja. Magnesiamu inasimama mlangoni kumzuia kalsiamu, kelele zikapungua."

"Na ikimzuia kabisa?"

"Ndiyo maana tunagonga. Goti likigongwa, habari inakimbia hadi kwenye uti wa mgongo na kurudi mguuni, kichwani haipiti. Likinyamaza, ujue milango imefungwa kupita kiasi. Na hilo likinyamaza, kinachofuata kunyamaza ni pumzi." Akautazama mfuko wa mkojo chini ya kitanda, akakunja uso. "Figo zake zimelegea, dawa haitoki upesi. Ningekaa hapa mwenyewe, ila wodi nzima niko peke yangu. Goti lisiporuka, funga hiki kigurudumu cha dripu halafu piga kelele. Kelele najua unaziweza."

Ukunga wa mzazi mwingine ukasikika kutoka chumba cha kujifungulia. Nesi akaondoka mbio.

Cheche aligonga tena baada ya muda, mguu ukaruka. Akagonga mara nyingine, ukaruka, ingawa kwa uvivu. Ndipo mama mkwe alipoingia akitokea kumwona mjukuu.

Cheche alivuta shuka upesi, akamfunika mkewe hadi kifuani, akasimama. Mtu huyu aliwahi kumfukuza mteja mwenye gari kubwa kwa matusi ya rejareja na jumla. Lakini mkwe ni mkwe. Mbele ya mama huyu hata kukohoa alikohoa kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mtoto anahema mwenyewe, nimemwona." Mama akaketi pembeni mwa kitanda, pale pale kwenye magoti ya binti yake.

Cheche alizunguka kitanda. Akarudi alikotoka. "Mama, samahani. Ungepumzika kidogo kule kwenye benchi."

"Nipumzike benchi, mwanangu yuko huku?"

"Nesi ameniagiza nimgonge goti."

"Umgonge?" Mama aligeuka mwili mzima. "Mtu ametoka kuchungulia kaburi, wewe unataka kumgonga! Na umfunue mapaja mbele yangu?"

"Ni kipimo, mama."

"Kipimo atafanya mwenye koti jeupe. Wewe keti."

Akaketi. Moyoni alijibu mengi, mdomoni halikutoka hata moja. Mama alipogeukia dirisha, alinyoosha mkono na kugonga juu ya shuka. Hakuna kilichoruka. Shuka nene, alijiambia.

"Kope zangu nzito," mkewe alinong'ona. Maneno yalitoka yakiburuzana.

"Lala, mama, lala," mama yake akambembeleza. "Tangu alfajiri hujapata usingizi. Mungu ni mwema, unaona alivyotulia?"

Alitulia kweli. Vidole vililegea, taya likalegea. Cheche aliangalia kifua. Kilipanda. Kikashuka. Kikakaa. Alisubiri kipande tena, akajikuta yeye mwenyewe amebana pumzi akikisubiri.

Akang'oa shuka. Mama akapiga yowe la aibu. Akagonga goti tupu; kimya. Akagonga kwa nguvu, mama akamchapa mkono, akagonga tena. Ilikuwa kama kugonga mto.

Alifunga kigurudumu, akapiga ukelele uliotikisa vioo.

Nesi aliingia na glavu zenye damu, akazivua akikimbia. Alimfunika mgonjwa barakoa yenye puto la mpira, akamkabidhi Cheche. "Binya. Achia. Usiharakishe." Yeye akavunja kichupa cha kalsiamu, akavuta dawa kwenye sindano, akaanza kuisukuma mshipani taratibu, taratibu mno.

"Sukuma yote, Sista!"

"Nikiisukuma haraka, moyo unasimama. Binya!"

"Anakufa!"

"Binya, baba!"

Alibinya. Jasho lilimwingia machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta. Mama mkwe alikuwa ameshikilia ukuta.

"Mbona hukunifukuza?" alilia. "Mdomo wote ule unaotisha mtaa mzima! Ungenitukana! Ungenitoa kwa nguvu! Leo ndiyo umeona uwe na adabu?"

Cheche aliendelea kubinya, akimsihi kimoyomoyo huyo kalsiamu ambaye hajawahi kumwona apenye, apenye hata kwa upenyo wa sindano.

Sindano haikuwa imeisha puto lilipokataa kidogo mkononi mwake. Kifua kilikuwa kimevuta chenyewe. Kikavuta tena. Mkewe akafumbua macho, akayazungusha kama mtu aliyepotea njia.

Daktari alifika, akapima presha mara mbili kwa kutoamini. Bado ilikuwa juu. "Tunasubiri kidogo, kisha dripu inarudi. Kwa kipimo kidogo."

"Hiyo hiyo?" Cheche alikamata mrija. "Hiyo iliyomfunga pumzi?"

"Bila hiyo kifafa kinarudi. Kikirudi na presha hii, sijui kama tutamshika."

"Na nayo ikimfunga tena?"

Daktari aliandika kipimo kipya kwenye faili, kisha akaitwa chumba cha upasuaji. Baadaye kona ya mdomo wa mgonjwa ikaanza kucheza yenyewe, ikavuta, ikaachia, ikavuta. Mama mkwe aliiona. Cheche pia aliiona. Alifumbua kiganja, akauachia mrija, na nesi akafungua kigurudumu.

Tone la kwanza halijafika mshipani, ukunga ukasikika tena kutoka chumba kile.

"Sista, usiende," Cheche alisema, na safari hii hakukuwa na ukali wowote. "Nakuomba."

"Na kule kuna mtoto wa mtu," nesi alisema. Tayari alikuwa mlangoni.